Pazia Nililomshonea Nyambura

Dada yangu Nyambura alikuwa akikohoa mara mbili, ananyamaza kama mtu anayetafuta neno, halafu anakohoa tena mara moja. Kikohozi hicho nilikijua kuliko nilivyoijua sauti yake. Hata leo, nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Bungoma, mtu akipita nje akikohoa, mguu wangu unasimama juu ya kanyagio. Nasubiri kile cha tatu.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyetoka hospitali leo na pakiti ya tembe ndani ya mkoba, umeifunika kwa sukuma wiki ili jirani asiione. Mimi pia niliifunika. Sikusomea udaktari, na sitakueleza ugonjwa huu unafanya nini ndani ya kifua. Wanaojua watakueleza. Mimi nitakusimulia yaliyonipata.

Kwetu ni Kitale. Wazazi wetu walihamia huko kutoka Mkoa wa Kati wakapata shamba dogo nje ya mji, wakajenga nyumba ya mabanzi, zile mbao za pembeni zinazobaki na magome yake. Baridi ya Kitale ya asubuhi unaijua kama umewahi kulala kwenye nyumba ya mabanzi. Inaingia kila upenyo. Baba alifariki mapema, tukabaki watatu: Nyambura, mimi, na mama, ambaye tulimwita Maitu.

Mikono yangu ilipenda kazi tangu nikiwa mdogo. Nyambura ndiye aliyenifundisha kufuma kwa kroshia, na nikamshinda upesi. Nilifuma vitambaa vya viti na vya meza, nikasuka vikapu vya mkonge, nikapaka udongo mwekundu chini ya ukuta wa jikoni na mweupe juu, nikachora majani pale rangi mbili zilipokutana. Wageni wakiingia walisema, "Hii nyumba ina mtu."

Nyambura alipoanza kukohoa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Maitu alisema ni baridi. Tulimhamishia chumba cha nyuma ambacho upepo haukukifikia sana. Kilikuwa na dirisha moja dogo la mbao. Maitu akaniambia nishone pazia zito la kuliziba. Nilichukua blanketi kuukuu, nikaweka gunia katikati, na upande wa ndani nikashonea kitambaa cheupe nilichokidarizi maua ya manjano, ua moja moja, kwa wiki mbili. Tukalipigilia misumari pande zote nne. Kuta tulizibandika magazeti na maboksi hadi juu. Nilijivunia sana kazi ile. Akina mama wa kanisa waliokuja kumwombea walilisifu pazia kabla hawajamsalimu mgonjwa.

Nilikaa naye humo miezi mingi, nikifuma huku yeye akikohoa. Mashavu yaliingia ndani, pete ikawa inaanguka kidoleni, nikaizungushia uzi mwekundu ili imkae. Hospitali hatukwenda. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu ule ugonjwa ambao miaka ile mtu hakuutaja kwa jina, na Maitu akaona afadhali bintiye auguzwe nyumbani kuliko aonekane kwenye foleni fulani. Nyambura akafa wakati wa palizi ya mahindi. Kanisani walitangaza nimonia. Baada ya mazishi jina lake halikutajwa tena mezani kwetu, wala hatukukubaliana lisitajwe. Lilikoma tu.

Mwaka uliofuata niliolewa na Simiyu, karani katika ofisi moja mjini Bungoma. Joto la Bungoma lilinishangaza, na kwa muda lilinifariji. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili karibu na reli, akazaliwa binti yetu Nekesa, nami nikafungua kibanda sokoni. Nilishona mapazia, mito ya makochi, vitambaa, mazulia ya vipande vya nguo. Baadaye watu wakaanza kuniita majumbani mwao. Bibi harusi angeniambia, "Njoo uniangalilie hii sitting room," nami ningesimama mlangoni, nitazame mwanga unatoka wapi na kiti kikae wapi, kisha nimwambie. Ajabu ni kwamba kila nyumba niliyopamba niliifanya iwe nzito. Mapazia mawili mawili. Vitambaa juu ya vitambaa. Niliamini nyumba nzuri ni ile iliyofungwa vizuri.

Kikohozi changu kilianza na mvua za Aprili, Nekesa akiwa na miaka minne. Nilisema ni vumbi la pamba. Mei ikapita. Nikaanza kuamka na fulana imelowa jasho kifuani. Sketi ikazunguka kiunoni. Nikaipunguza kwa cherehani, nikaipunguza tena. Nilikuwa mshonaji, kwa hiyo hakuna aliyeona. Hiyo ndiyo sababu niliweza kujificha muda mrefu kuliko wengine. Kila wiki niliyapunguza mavazi yangu yanifuate nilivyokuwa nikiyeyuka.

Siku moja mwezi wa Juni nilikohoa nikiwa peke yangu kibandani. Nilikohoa mara mbili. Nikanyamaza. Kisha kikaja cha tatu. Niligeuka nyuma kutazama nani amekohoa.

Simiyu aliniuliza mara kadhaa, "Mama Nekesa, hicho kifua si uende kionwe?" Nikamjibu nitaenda wiki ijayo. Sikuogopa kufa hasa. Niliogopa kuambiwa kitu ambacho kingemrudisha Nyambura kaburini upya, na jina lingine la ugonjwa juu yake.

Aliyenipeleka hospitali ni Nekesa, bila kujua. Nilimkuta nyuma ya nyumba na mwanasesere niliyemshonea kwa vipande. Alikuwa amemlaza kwenye boksi, amemfunika hadi shingoni, na amelisukuma boksi kwenye kona yenye giza chini ya ngazi ya jirani. Akamkoholea. Mara mbili, kimya, mara moja.

"Nekesa, unafanya nini?"

"Huyu ni mama," akasema. "Mama analala. Si ati mtu akikohoa anafichwa?"

Kesho yake niliamka mapema nikaenda.

Sehemu ya kungojea ilikuwa kibaraza cha mabati kisicho na kuta, na mabenchi manne ya mbao yaliyong'arishwa na mapaja ya watu. Nilipewa vikopo vya makohozi na kuambiwa nirudi navyo. Kuwatolea watu makohozi yako ndani ya kikopo chenye jina lako, ukitembea nacho barabarani ndani ya mfuko wa nailoni, kwa hilo hakuna aliyeniandaa. Nilikifunga kwa kitambaa cha kroshia. Muuguzi, Sista Nabwire, mama wa makamo mwenye miwani inayoteremka puani, alikifungua akacheka kidogo. "Hii nayo imekuja na nguo ya Jumapili." Nilicheka pia, nikakohoa, na yeye hakurudi nyuma. Hiyo ilikuwa huruma ya kwanza.

Majibu yakatoka: kifua kikuu. Nikapimwa na ile nyingine pia, ile ya minong'ono. Nilingoja majibu yake kwa saa nzima nikihesabu matundu ya mabati, nikaambiwa sina. Badala ya kufurahi nilijiuliza kama Nyambura alikuwa nayo au hakuwa nayo, na nikajua sitapata jibu maishani.

Kisha Sista Nabwire akafungua kitabu chake, akauliza, "Kwenu kuna mtu amewahi kukohoa hivi? Uliyekaa naye karibu?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna kabisa? Hata wa zamani?"

"Hakuna, Sista."

Akaandika. Nilitazama kalamu yake ikitembea, na nilihisi mtu ameketi nyuma yangu kwenye benchi. Sikugeuka.

Miezi miwili ya kwanza nilienda kila asubuhi kumeza tembe mbele yake, kwa tumbo tupu, na glasi ya maji. Mkojo ukawa rangi ya machungwa. Nilidhani ni damu, nikapiga kelele chooni hadi jirani akaja. Kama na wewe umepiga kelele, tulia, ni dawa. Viungo viliniuma kama mtu aliyelima ekari nzima. Chakula kilinuka chuma. Halafu siku moja, kwenye wiki ya tano hivi, nilisikia harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa kibanda cha jirani na mate yakanijaa mdomoni. Nilisimama pale barabarani nikalia kwa sababu ya omena.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Simiyu alimpeleka Nekesa kwa mamake huko Bumula. Lilikuwa jambo la busara, na mtoto alipimwa akaonekana mzima, lakini alimchukua nikiwa hospitali, nikarudi nikakuta kitanda kidogo kimeondolewa mashuka. Yeye mwenyewe alihamia kochi la sebuleni. Siku moja nilikuta amefunga uzi mweusi kwenye mkono wa kikombe changu ili asikosee. Alikuwa ameufunga kwa uangalifu, fundo dogo safi. Nilikinywea chai hivyohivyo hadi uzi ukakatika wenyewe.

Habari zilifika sokoni. Asubuhi moja nilikuta mfuko umeachwa mlangoni pa kibanda. Ndani yake kulikuwa na mito sita niliyomshonea mama mmoja wa mtaa wa pili, na mapazia yake yote, yamefuliwa kwa dawa ya kuua vijidudu hadi rangi ikatoka. Hakuacha maneno. Wengine hawakurudisha, nikasikia waliyachoma. Nilifunga kibanda.

Rafiki yangu wa miezi ile alikuwa Nafula, mfumaji mikeka kutoka Myanga. Alikuja hospitali kwa baiskeli ya boda boda kila asubuhi, akiwa na fungu la matete chini ya kwapa, akafuma pale kwenye benchi akingoja zamu. Alipenda kuchanganya matete mabichi na makavu ili mkeka uwe na milia miwili.

"Wewe Wambui, hurari?" aliniuliza siku ya pili tu. "Macho yako yamekuwa kama ya mtu anarinda mwizi."

"Nalala."

"Unadanganya bana. Dirisha unafungua?"

"Baridi itaniingia."

"Baridi ya Bungoma gani? Fungua. Mimi hata mulango nafungua. Sista alinishika masikio juu ya hiyo dirisha mpaka nikasikia."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikatazama chumba changu cha kulala kama ninavyotazama vyumba vya wateja, nikiwa nimesimama mlangoni. Pazia zito, na jingine nyuma yake. Kitanda kwenye kona ya ndani kabisa. Zulia ukutani. Ningeweza kuwa Kitale. Nilishuka chini nikakaa sakafuni.

Nilianza kwa kuondoa pazia moja. Siku iliyofuata la pili. Nikasukuma kitanda chini ya dirisha, kazi iliyonichukua asubuhi nzima kwa kupumzika pumzika. Vitambaa vizito nikavifua na kuvianika juani. Kwa kuwa sikuwa na wateja, nikafuma pazia jipya la uzi mwembamba lenye matundu mapana, ili upepo upite na jua lichore sakafuni. Jioni Simiyu aliporudi alisimama katikati ya chumba, mwanga ukiwa umemwangukia shatini.

"Nilidhani nimeingia kwa watu," alisema. Usiku huo bado alilala kwenye kochi. Jumamosi yake alileta magunia manne ya mchanga na mbolea, akayapanga nje ya dirisha langu, tukapanda mboga za kienyeji: saga, kunde na mrenda. Alipanda yeye, mimi nikiwa nimeketi nikimwelekeza. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Nafula aliponenepa, aliacha kuja. Mumewe alimwambia mtu mwenye mashavu kama yale si mgonjwa. Sista Nabwire aliita jina lake asubuhi ya Jumatatu, akaliita Jumanne, akaliita Jumatano. Alituma mtu Myanga, akaambiwa Nafula amekwenda kwa ndugu zake, ng'ambo ya mpaka. Sikumwona tena. Sijui kama yuko hai. Mkeka wake wa milia ulibaki nusu kwenye benchi wiki nzima, kila mtu akiketi pembeni yake, hadi mfagiaji alipouchukua.

Nilikuwa mwezi wa tano wa dawa, Nekesa amesharudi nyumbani, kwanza akijificha nyuma ya babake kama aliyeonana na mgeni, kisha akinizoea. Kilo zilikuwa zimerudi. Mahindi yalikuwa yanavunwa. Hapo ndipo Maitu aliponipigia kwa simu ya jirani yake. Simu zilikuwa bado chache, akawa anapiga kelele ili nimsikie kutoka Kitale. Alitaka kujua kama nitakuja kusaidia kupukuchua.

"Nitakuja, Maitu. Uko mzima?"

"Niko mzima. Ni hii baridi tu." Akaondoa simu mdomoni, lakini nilimsikia. Alikohoa kwa muda mrefu. Jirani akachukua simu akaniambia, "Njoo tu, Wambui. Njoo upesi."

Kesho yake nilikwenda kwa Sista Nabwire. Haikuwa zamu yangu. Nilingoja hadi foleni ikaisha.

"Uliniuliza kama kuna mtu kwetu alikohoa," nikasema. "Nilikudanganya. Alikuwepo. Dada yangu. Sasa ni mama."

Nilitarajia akasirike. Alivua miwani akaifuta kwa koti lake, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Dada yako anaitwa nani?"

"Nyambura. Alikufa."

Akafungua kile kitabu, akatafuta ukurasa wangu, akaandika jina pale alipokuwa ameandika hakuna. Kisha akaniandikia barua ya kupeleka hospitali ya Kitale.

Nilimkuta Maitu jikoni, amejifunga shuka juu ya sweta. Mabega yake yalikuwa yamekuwa madogo kama ya msichana. Nilipouliza analala wapi siku hizi alinionyesha kwa kidevu. Chumba cha nyuma.

"Ndicho chenye joto," alisema.

Sikuwa nimeingia humo tangu mazishi. Pazia langu lilikuwa bado limepigiliwa, maua yake yamekuwa ya kahawia kwa moshi. Harufu ilikuwa ileile. Kitanda kilekile, mahali palepale. Nilikaa juu yake na kwa dakika chache sikuweza kusema mimi ni nani kati yetu wawili, maana sasa nilijua kifua cha Nyambura kilivyokuwa kwa ndani.

"Maitu, kesho twende hospitali."

"Sina ugonjwa wa hospitali."

"Nilichougua mimi ndicho unachougua. Ndicho alichougua Nyambura."

Alikuwa na sufuria mkononi. Aliiweka chini polepole.

"Unataka kusema nini? Kwamba mimi nilimuua mtoto wangu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi usilete hayo maneno kwangu. Tulimtunza. Wewe uliona. Hakukosa uji, hakukosa moto, hakukosa blanketi."

"Alikosa dawa."

Akatoka nje akaenda kwenye mahindi. Nilimsikia akikohoa shambani. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikachukua nyundo na koleo, nikaanza kung'oa misumari ya pazia.

Lilitoka kwa vipande, na vumbi la miaka. Nilipoligeuza mikononi ndipo nikaona kona ya chini, ile iliyokuwa karibu na mto wa kitanda. Mshono wa hapo haukuwa kama kwingine. Ulikuwa umeshonwa mara tatu, uzi juu ya uzi, na uzi wa juu ulikuwa mara mbili. Mkono ulikuwa wangu. Nikakumbuka. Wakati wa ugonjwa, mara mbili nilikuta kona hiyo imefumuka, upana wa kiganja, na mara mbili niliirudishia, nikilalamika kwamba uzi wa siku hizi ni mbovu. Kwenye mbao za dirisha nyuma yake kulikuwa na mikwaruzo mingi myembamba kuzunguka komeo, imekwaruzwa na kitu chembamba cha chuma chenye ndoano. Sindano ya kroshia.

Alikuwa akifumua. Alilala pale nami nikiwa nimempa mgongo, nikifuma, na yeye akafumua mshono mmoja mmoja ili apate hewa. Nami nikamshonea.

Sikusikia Maitu akiingia. Alikuwa amesimama mlangoni na mahindi kwenye kanga, akitazama ile kona mkononi mwangu.

"Nilidhani uzi umeoza," nilimwambia.

"Haukuoza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwona akifumua. Aliniomba nimfungulie kidogo aone nje. Nikamwambia baridi itakuua. Wewe nikakwambia ni panya."

Kweli, alikuwa ameniambia panya. Nilikuwa nimesahau.

Tulikaa kitandani, yeye na mimi, pazia likiwa chini ya miguu yetu. Nililisukuma dirisha. Halikutaka kufunguka, nikaligonga kwa nyundo, likafunguka kwa kishindo na mwanga ukaingia hadi ukuta wa pili. Nje kulikuwa na mahindi makavu na mlima Elgon mbali, hakuna kingine. Hicho ndicho alichokuwa akitaka kukiona.

Asubuhi Maitu alivaa nguo za kanisani. Hakusema anakwenda wapi. Alitangulia tu njiani, nami nikamfuata na ile barua.

Alikuwa na kifua kikuu. Nilibaki naye Kitale hadi alipozoea dawa, nikimeza zangu naye akimeza zake, mkojo wake ukigeuka machungwa naye akaogopa, nami nikamwambia asiogope. Fundi alikuja akakata ukuta wa chumba cha nyuma tukaweka dirisha la pili upande wa jua la asubuhi. Tulibandua magazeti yote. Nyuma yake mbao zilikuwa nyeusi kwa unyevu. Tukazisugua kwa maji na majivu, tukazipaka chokaa. Jiko la kuni tulilitoa kwenye nyumba tukalijengea banda lake lenye bomba la moshi. Nilichora majani ukutani, machache. Mikono haikuwa na furaha nikichora, lakini ilitaka kuchora.

Nilirudi Bungoma nikamaliza miezi yangu minane. Kibanda nilikifungua tena. Wengine walirudi, wengine mpaka leo hupitia upande mwingine wa soko. Wanaoniita kupamba nyumba zao huniona mtu wa vituko, kwa sababu kabla sijafungua kipimo nauliza madirisha mangapi yanafunguka, nani analala wapi, na moshi wa jikoni unatokea wapi. Kuna aliyeniambia, "Mama Nekesa, mimi nimekuita kwa mapazia, si kwa ukaguzi." Nilimshonea mapazia mepesi na nikamfungulia dirisha kabla sijaondoka. Simshonei mtu yeyote pazia la kupigilia. Ninapofika kona ya chini ya upande wa kitanda, bado siwezi kuishona bila kusimama kidogo.

Nawe uliye na pakiti mkobani: meza zote, hata ukinenepa, hasa ukinenepa. Kula mboga za gunia lako. Sogeza kitanda. Tafuta kitu cha kufanya kwa mikono, kiwe kidogo, kwa sababu kungoja ni kurefu na mikono mitupu inafikiria vibaya. Na wakikuuliza kama kuna mtu kwenu aliyekohoa, sema jina lake.

Maitu alimaliza dawa zake mvua za Juni zikiwa zimekolea. Nilipanda kwenda Kitale nimsindikize siku ya mwisho. Alikuwa amebeba kuku mzima kwenye kikapu, na muuguzi alipomwambia amepona alimwekea kikapu mezani.

"Hii si kwa dawa, najua dawa huyu msichana wangu na bwana yake walilipa," alisema kwa Kiswahili chake cha kukata kata. "Hii ni asante."

Muuguzi akacheka. "Mama, nani alikwambia wamelipa? Dawa ya TB hailipiwi. Ni ya bure."

Maitu alinigeukia.

"Ya bure?"

"Ndiyo, Maitu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Nilijua swali linalokuja, na nilijua ningeweza kumdanganya. Nyumba yetu ilikuwa na uzoefu.

"Hata wakati ule?"

"Hata wakati ule."

Alitoka nje. Nilichukua kadi yake nikamfuata, nikidhani nitamkuta njiani amekwenda. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wanaongoja, kando ya msichana mwembamba aliyejifunika leso hadi puani na kuinamisha kichwa. Watu wengine walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili za msichana huyo. Maitu alikuwa ameketi pale kwenye nafasi, bega kwa bega naye.

"Mimi nilikuwa na binti kama wewe," nilimsikia akimwambia. "Anaitwa Nyambura. TB ndiyo ilimuua, na sisi tulimficha. Wewe kaa hapa. Usirudi nyumbani mpaka wakuite."